Jiwe la Mama na Kashata Zilizopasuka

Kila asubuhi aliyopika kashata, mama alianza kwa kuanika jiwe la kusagia juani. Nililiona jambo hilo tangu nikiwa mtoto kule Mugeta, na kwa miaka mingi niliamini alikuwa analikausha baada ya kuliosha. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuuliza.

Jua likishalipata vizuri, alilisogeza kando ya mafiga, halafu ndipo akaweka sukari kwenye sufuria. Sukari ikiyeyuka alikamulia ndimu ili isirudi kuwa chenga, akamwaga karanga zilizokaangwa, akageuzia vyote kwenye sinia la bati lililopakwa mafuta. Juu yake alilaza jiwe, likiwa limezungushiwa kitambaa safi, akalisukuma taratibu mpaka kashata ikawa bapa. Akishakata vipande alifunika sinia lote kwa kanga yake kuukuu, akiwa ameikunja mara nne. Kazi ya hiyo kanga nayo nilidhani naijua. Nilidhani ni inzi.

Mama alipofariki, baba alikuwa ametutangulia miaka mitatu nyuma. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kati alikuwa darasa la tano, na wa mwisho, msichana, alikuwa bado hajaanza shule. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Akaniambia nikae nyumbani mwaka mmoja, niwaweke wadogo zangu vizuri, halafu nirudi. Nafasi yangu ingekuwepo. Alisema kwa nia njema kabisa, na mimi nilimwamini. Sare niliifua, nikaikunja, nikaiweka chini ya sanduku ili isichakae.

Mwaka huo ulipokwisha tulikuwa tumeshahamia Nyasho, hapa Musoma, na mimi nilikuwa mpika kashata. Sare alikuja kuivaa mdogo wangu wa kati. Habari ya ule mwaka mmoja sikumsimulia mtu yeyote.

Kupika nilikuwa nimejifunza kwa kumtazama mama. Nilijua sukari imefikia kiasi kwa kusikiliza tu, kwa sababu mapovu yakianza kuwa mazito hubadilisha mlio. Majirani walinicheka kidogo mwanzoni. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akipita uani kwetu anasema, "Huyu kaka akioa, mkewe atakuwa anakaa tu kwenye kiti." Lakini watoto wake walikuwa wateja wangu wa kwanza.

Jiwe la mama nilikuja nalo kutoka Mugeta. Nilikuwa nalihifadhi sakafuni nyuma ya mlango, nalifuta kwa kitambaa, nalitumia hapohapo. Sikuona sababu ya kupoteza asubuhi nzima kusubiri likauke. Kanga ya mama nayo ilikuwa imeshachanika, nikakata kipande cha chandarua, nikawa nafunikia. Inzi hawakuingia. Nilijiona nimepata kitu bora kuliko cha zamani.

Ila kashata zangu zilivunjika. Zilikuwa tamu kama za mama, hilo hakuna aliyelikataa, lakini hazikuvumilia safari. Mdogo wangu wa kati alipoanza kuendesha bodaboda ndiye aliyezipeleka Bunda na Butiama, na kila aliporudi alikuwa na la kusema.

"Kaka, leo Butiama nimepeleka unga."

"Umepita kwenye mashimo."

"Nimepita taratibu kama nimebeba mgonjwa! Sikiliza, yule mama wa duka anakuuliza, hizi kashata zako zina mapepo? Anasema amezipanga mwenyewe kwenye chupa, nzima. Amekaa, hajazigusa, mara kashata moja inalia ta! Inapasuka yenyewe, mchana kweupe."

Nilizipika kwa muda mrefu zaidi, zikapasuka. Nikapunguza muda, zikawa zinanata upepo wa ziwa ukivuma. Nilimlaumu mdogo wangu, nikalaumu barabara, nikalaumu karanga. Miaka ilipita hivyo.

Yule wa mwisho alikuwa na kichwa cha shule. Mimi sikuwa na la kumfundisha baada ya darasa la saba, kwa hiyo neno langu kwake lilikuwa moja: soma. Akiamka, soma. Akirudi na matokeo mazuri, vizuri, sasa soma. Alifika chuo kikuu huko Dar es Salaam, akachukua fizikia, akamaliza, wakambakiza asomee shahada ya pili. Nilipomuuliza kwenye simu anasomea nini hasa, alisema, "Ni kama kashata zako, kaka. Nasomea vitu vinavyoganda bila kujipanga."

Nilidhani ananitania.

Akaja mwezi wa sita, karanga mpya zikiwa zimeanza kuingia kutoka Bunda. Hakuwa ametuambia anakuja. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wetu na begi moja, amekonda shingo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Chuo kimefungwa?"

"Nimekuja tu kuwasalimia."

Chumba chake nilikuwa nimekigeuza stoo. Alilala kwenye godoro chini, katikati ya magunia ya karanga, wala hakulalamika. Siku tatu za kwanza alilala tu, akiamka anakunywa uji, analala tena. Siku ya nne asubuhi alitoka uani nikiwa jikoni, akakaa kwenye kigoda, akanitazama ninavyofanya kazi. Nililaza jiwe juu ya kashata kama kawaida. Akanyanyuka, akaligusa.

"Kaka, jiwe la baridi hivi?"

"Kwani liweje?"

"Mama si alikuwa analianika?"

Nilishtuka kwamba alikumbuka. Mama alipofariki yeye alikuwa mdogo sana. "Alikuwa analikausha," nikasema.

"Analikausha nini na lilikuwa limefungwa kitambaa? Kaka, mama alikuwa analipasha joto."

Siku ile aliingia ndani akatoa kipimajoto kirefu alichokuja nacho, akaniambia niyeyushe sukari na ndimu peke yake, bila karanga. Tuliimwaga kwenye sinia. Akachukua mpini wa kijiko, akachora mstari juu yake. Mstari ulifutika kabla hajauinua mkono. Tukasubiri joto lishuke nyuzi kumi, akachora tena, akaniambia nihesabu. Nilifika tatu, mstari ukajifukia. Nyuzi kumi nyingine, nikahesabu mpaka arobaini. Nyuzi kumi nyingine, nikahesabu mpaka nikachoka, na mstari ulikuwa umefifia tu. Nyuzi kumi nyingine tukaenda kunywa chai, tukarudi, ukawa upo vilevile.

"Umeona?" alisema. Macho yake yalikuwa yamepata uhai kwa mara ya kwanza tangu afike. "Tumepunguza kumi kumi, lakini muda haukuongezeka sawasawa. Mwanzoni kidogo, mwishoni unaruka. Huo muda ndio sisi tunauita muda wa kutulia. Ni muda ambao kitu kinahitaji ili kisahau kwamba kimesumbuliwa."

"Na kikipoa kabisa?"

"Bado kinataka kutulia, ila muda hakina tena. Unakumbuka paredi, shuleni? Vitu vingi vikiganda ni kama wanafunzi waliopanga mstari. Kioo siyo, na sukari yako hii ikiganda ni kioo. Kioo ni wale waliokuwa wanakimbiakimbia uwanjani, filimbi ikalia ghafla, kila mmoja akasimama palepale alipo, mwingine mguu uko juu. Sasa jiwe lako la baridi linapuliza filimbi mapema mno, tena upande wa juu tu. Chini bado wanakimbia. Wa chini wakija kupoa wanataka kusinyaa, na wa juu wameshakauka, hawasogei. Wanavutana humo ndani. Kwa macho unaona kashata nzuri, nzima. Ikifika Butiama, hata bila kuguswa, ta!"

"Mapepo," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Nikamuuliza kuhusu uzito wa jiwe. Nilitaka kujua kama nalo lina kosa, kwa kuwa ni zito.

"Uzito wa jiwe lako si kitu, kaka. Kule tuna chombo cha chuma, ukuta wake mnene kama paja lako. Tunaweka kimiminika kidogo tu, cha kijiko kimoja, tunakibana kwa mafuta mpaka ni kama kimebebeshwa mlima. Joto hatulishushi hata kidogo. Lakini kile kilichokuwa kinatulia kufumba na kufumbua, sasa kinataka masaa. Ukizidi kukibana kinakuwa kioo kabisa, na joto lake ni lilelile."

"Kwa hiyo kukibana ni kama kukipoza."

"Ni kama. Fikiria darasa la wanafunzi arobaini, halafu unasukuma kuta ndani. Nguvu wanazo, hawajachoka, lakini nani ataweza kugeuka?"

"Na dawa yake?"

"Ama uachie, ama uongeze joto. Ukiongeza mgandamizo na joto pamoja kwa kipimo chake, kinatulia kwa muda uleule wa mwanzo, kama vile hukukigusa. Hicho kipimo ndicho ninachokitafuta mimi. Joto kiasi gani kwa mgandamizo kiasi gani." Akakwangua sinia kwa ukucha. "Nilikuwa nakitafuta."

Lile neno "nilikuwa" nililisikia. Nikajifanya nahangaika na mkaa.

Kesho yake tulianika jiwe. Tulilisogeza jikoni likawa haligusiki kwa mkono mtupu, tukapika, tukasawazisha, tukakata. Yeye akatoa kanga yake begani, akaikunja mara nne, akafunika sinia ili joto litoke polepole. Tukaliacha mpaka jioni. Mdogo wangu wa kati alizipeleka Butiama siku iliyofuata, akarudi ameshikilia kofia ya pikipiki mkononi, anapiga kelele kuanzia barabarani.

"Nzima! Zote nzima! Yule mama anasema umebadilisha mganga!"

Nililia siku ile, nikiwa nimegeukia ukuta. Si kwa sababu ya kashata. Miaka yote ile mama alikuwa ameniachia kila kitu mbele ya macho yangu, jiwe na kanga, na mimi nikaona kukausha na inzi.

Siku ya tisa aliniambia kilichomleta. Tulikuwa tunachambua karanga uani, yeye na mimi tu.

"Kaka, nataka kusimama mwaka mmoja."

"Kusimama kivipi?"

"Kuahirisha. Chuo wanaruhusu. Nimeshauliza. Nimechoka, kaka. Siyo kuchoka kwa kulala. Nikikaa mbele ya kile chombo, nasoma namba sizielewi, naanza upya, sizielewi. Nikae hapa nyumbani, nikusaidie kashata, halafu nirudi. Mwaka mmoja tu."

Nikasikia sauti ya mwalimu mkuu. Mwaka mmoja tu, na nafasi yako itakuwepo. Niliiona sare iliyokunjwa chini ya sanduku. Sikumwona tena yeye aliyekuwa amekaa mbele yangu na karanga mkononi, nilijiona mimi wa kidato cha pili. Niliogopa kama mtu aliyeona gari linamjia mtoto wake. Na badala ya kumwambia hivyo, nilimwambia:

"Mimi niliacha shule ili wewe usiache. Sasa unataka nimwambie nani kwamba ilikuwa bure?"

Aliendelea kuchambua karanga, nzuri huku, mbovu kule, bila kukosea hata moja.

"Unarudi," nikasema. "Kesho kutwa unarudi. Ukikaa hapa utazoea."

"Sawa, kaka."

"Usiniambie sawa tu."

"Niseme nini sasa? Umeshasema."

Mdogo wangu wa kati alijaribu kunizungumzia jioni ile. "Kaka, huyu binti hali vizuri. Mwache apumue." Nilimwambia yeye aangalie pikipiki yake. Alisema, "Wewe kaka, ukishaamua kitu, hata ng'ombe wa jirani wanajua," akatoka.

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka Bunda akapande basi la moja kwa moja. Ningeweza kumwacha apandie hapahapa Musoma. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba ameondoka, na hilo naliandika kwa aibu. Njia nzima tuliongea habari za kawaida. Tulipofika, nilimpa kopo la kashata, akalipokea kwa mikono miwili kama mgeni anavyopokea zawadi.

"Asante, kaka. Usisahau kuanika jiwe."

Alimaliza ile shahada. Nilipigiwa simu na yeye mwenyewe, nikapiga vigelegele kama mwanamke, nikawagawia watoto wote wa mtaa kashata. Halafu nikamuuliza nini kinafuata, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba walitaka aendelee, awe mtafiti palepale.

"Nimewaambia hapana. Sitaki kukiona tena kile chombo."

"Lakini ulikuwa unakipenda."

"Nilimaliza, kaka. Ulitaka nimalize."

Hakusema kwa hasira. Ningeona nafuu kama angekuwa na hasira. Alipata kazi ya ofisini Dodoma, kazi isiyohusiana na vimiminika wala vioo. Alipiga simu kila Krismasi na kila Pasaka, shikamoo kaka, hamjambo huko, karanga mwaka huu vipi, na mimi nilijibu yote. Nyumbani hakuja. Miaka minne hakuja. Nikimuuliza likizo anapeleka wapi alisema kazi zimebana.

Mara nyingi nikiwa nasubiri jiwe lipate joto nimejiuliza ingekuwaje kama angekaa ule mwaka. Labda angerudi chuoni na leo angekuwa anatafuta kile kipimo chake. Labda asingerudi, kama mimi. Sijui, na hapana namna ya kujua sasa. Ninachojua ni kwamba alikuja kwetu amebanwa, na mimi nikasukuma kuta.

Mwaka jana kiangazi tulijengea makaburi ya wazazi kule Mugeta. Alikuja. Alifika asubuhi na gari la kukodi kutoka Bunda, mchana alitakiwa aondoke. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa miwani. Alimwagilia saruji maji pamoja na mafundi, akasali, akala ugali na nyama na majirani wa zamani waliokuwa wanamkumbuka akiwa mgongoni mwa mama. Kisha tukatembea wawili mpaka pale ilipokuwa nyumba yetu. Mafiga ya mama yalikuwa bado yapo, mawe matatu kwenye majani.

Nikamwambia hapo. Nilimwambia kuhusu ofisi ya mwalimu mkuu, kiti nilichopewa, na mwaka mmoja nilioahidiwa. Nilimwambia jinsi sare ilivyokunjwa. Nilimwambia kwamba siku ile uani niliposikia neno mwaka mmoja, niliogopa, na sikujua namna nyingine ya kuogopa zaidi ya kuwa mkali.

Alikuwa anasogeza jani kwa ncha ya kiatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa sijajiambia hata mwenyewe."

"Mimi ningerudi, kaka," akasema. "Wewe ulikuwa na watoto wawili wa kulisha. Mimi nilikuwa na wewe. Ningerudi."

Niliomba msamaha. Nilitumia maneno machache, maana hayakuwepo mengi. Alisema, "Haya," akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Halafu akauliza kama nimekuja na kashata. Nilikuwa nazo. Alivunja moja kwa meno, akasikiliza mlio wake, akaitikia kwa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Umelianika?"

"Tangu siku ile sijaacha hata mara moja."

Gari lilipiga honi. Nikamwambia haraka, kabla hajafika kwenye gari, kwamba chumba chake kipo, aje akae, na si lazima aseme ni siku ngapi. Alisema, "Tutaona, kaka," kwa sauti ambayo sikuweza kuipima.

Niliporudi Nyasho nilitoa magunia yote ya karanga kwenye kile chumba nikayapanga sebuleni. Nilinunua kitanda, godoro likapanda juu. Mdogo wangu wa kati hujikwaa kwenye magunia kila akiingia, na kila akijikwaa huuliza yatarudi lini stoo. Namwambia yakae hapohapo.